Chumba Kimoja Kimekufa

Wanangu, gari likikataa kuwaka halikatai kimyakimya. Linasema kitu, na mwenye kutega sikio husikia. Probox ya mama mmoja wa Ikonge, huku kwetu Nyamira, ilisema tak-tak-tak-tak, upesi upesi, kisha ikanyamaza. Ilikuwa mapema, ukungu haujainuka kwenye majani chai, na mikungu ya ndizi ilikuwa imepakiwa tangu jana yake jioni kwa safari ya Kisii mjini. Kando ya gari alisimama binti ya kaka yake, msichana wa Gredi ya Saba, ameshika tochi.

"Shangazi, lakini taa za dashibodi zinawaka. Si ina maana betri ni nzima?"

"Taa ni kazi ndogo, mama. Betri huulizwa kazi kubwa."

Kazi kubwa ni stata. Taa ndogo ya dashibodi haifikishi hata ampea moja. Stata, ambayo ni mota ya kuzungusha injini mpaka ishike moto wake yenyewe, hudai zaidi ya ampea 100 kwa mara moja, ingawa kwa sekunde chache tu. Betri iliyochoka itamulika taa vizuri kabisa, halafu ikiitwa na stata nguvu zake zinaanguka. Swichi ya stata inashika, umeme unapungua, swichi inaachia. Umeme unarudi kidogo, swichi inashika tena. Hiyo ndiyo tak-tak-tak.

Msidhani stata ilikuwapo tangu gari la kwanza. Babu wa babu zenu angeliona gari likiwashwa kwa mkono: dereva anasimama mbele, anaingiza chuma kilichopindwa, anazungusha kwa nguvu zote. Injini ikirudi nyuma ghafla, chuma kile kilivunja watu mikono. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyetengeneza stata ya umeme iliyofaa, na gari la Cadillac la mwaka 1912 likauzwa nayo. Tangu hapo betri ikawa kiungo ambacho gari haliwezi kuanza siku bila hicho.

Mzee jirani alikuwa akipita na fimbo yake. "Bwakire," akasalimu, akatazama gari, akatazama mteremko wa barabara. "Tusukume tu. Likifika pale chini litashika."

"Asante sana, mzee wangu, lakini hili ni la gia otomatiki. La kusukuma ni lile la kukanyaga klachi."

Mzee alikuwa sahihi kwa magari aliyoyazoea. Gari la klachi, ukiliteremsha na ukaachia klachi, magurudumu huzungusha injini badala ya stata. Katika otomatiki magurudumu na injini havishikani hivyo wakati injini imelala. Mngelisukuma hadi Ekerenyo na lisingewaka.

Shangazi akatoa mita yake ndogo, ile yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Mita kama hizo zinauzwa kwa bei ya chini kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na mimi ningependa kila nyumba yenye gari au sola iwe nayo. Akagusisha waya mwekundu kwenye ncha chanya ya betri na mweusi kwenye ncha hasi. Msichana akasoma: 10.5.

"Betri nzima iliyojaa inasoma volti 12.6," shangazi akasema. "Ndani ina vyumba sita, kila kimoja na volti zake 2.1. Haya, piga hesabu."

Msichana akafunga macho kidogo. Sita mara mbili nukta moja ni kumi na mbili nukta sita. Ukitoa kumi nukta tano, zinabaki mbili nukta moja. Akafungua macho. "Chumba kimoja kimekufa!"

Kimekufa vipi? Hapa tukae kidogo, maana ndani ya lile sanduku jeusi kuna jambo la kupendeza ambalo watu wengi wanaoendesha magari kila siku hawajawahi kuambiwa.

Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alichukua mabamba mawili ya madini ya risasi, akayatenganisha yasigusane, akayakunja pamoja na kuyatumbukiza katika maji yenye asidi ya salfuriki. Akapitisha umeme ndani. Alipouondoa ule umeme, mabamba yakaurudisha. Hiyo ndiyo betri ya kwanza iliyoweza kuchajiwa tena na tena, na ile iliyo chini ya boneti ya Probox ni uzao wake wa moja kwa moja. Katika kila chumba, mabamba ya upande mmoja ni risasi, ya upande wa pili ni oksidi ya risasi, na kati yao kuna asidi. Betri inapotoa umeme, asidi huacha salfeti yake kwenye mabamba ya pande zote mbili na kubaki nyepesi, karibu na maji. Gari likiwaka, altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini na kuzalisha umeme, inasukuma umeme kurudi ndani, salfeti inatoka kwenye mabamba na asidi inapata ukali wake tena. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, maelfu ya safari.

Lakini ule unga wa salfeti unaobaki kwenye mabamba ni kama ukoko wa ugali. Sufuria ikiloekwa mara tu baada ya kula, ukoko hutoka bila taabu; ikiachwa siku kadhaa, hata kijiko hakiung'oi. Betri iliyoachwa imeisha chaji kwa wiki nyingi, gari limeegeshwa tu, hugandiwa hivyo na hairudi. Na kuna kifo cha pili, ambacho ndicho kilichoipata ya shangazi. Mabamba yakitikiswa sana humomonyoka, tope la risasi hujilimbikiza chini ya chumba, na siku tope hilo linapounganisha bamba chanya na bamba hasi, chumba hicho kimekwisha. Volti zake 2.1 haziji tena.

Shangazi alipochungulia chini ya boneti, sababu ilionekana wazi. Chuma cha kushikilia betri hakikuwapo. Mtu, zamani, alikuwa ameifunga kwa blada, ule ukanda wa tyubu tunaofungia mizigo kwenye bodaboda. Kila shimo la njia ya kwenda shambani lilikuwa likiirusha betri juu na kuiangusha.

"Basi tuombe nyaya za jampa kwa jirani, tuazime umeme wa betri yake, tuende," msichana akasema.

"Tungeweza kuliwasha, ndiyo. Lakini chumba kilichokufa hakifufuki kwa jampa. Tutafika Kisii, tuzime gari, na tubaki huko na ndizi zetu. Leta ile spana namba 10."

Sasa sikilizeni kwa makini, na kila hatua mtaiona ina sababu yake. Tena mkifanya, mfanye pamoja na mtu mzima anayeijua kazi, si peke yenu.

Kwanza shangazi alizima kila kitu, akachomoa ufunguo, akafungua mlango wa dereva na kuuacha wazi, ili gari likikosa umeme lisije likawafungia nje. Kisha akavua pete yake na saa. Pete ya dhahabu au ya chuma ikigusa ncha chanya na pia spana inayogusa mwili wa gari, umeme wote wa betri hupita kwenye pete hiyo. Inakuwa nyekundu ikiwa bado kidoleni. Akavaa miwani ya kuzuia asidi isimrukie machoni, na glavu za mpira. Mzee jirani alikuwa ametoa sigara mfukoni. Shangazi akamwomba kwa upole avutie kule barabarani, naye akakubali. Betri, hasa iliyotoka kuchajiwa, hutoa haidrojeni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na ikifikia asilimia 4 tu ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Watu wamepoteza macho hivyo.

"Tunaanza na waya upi?" shangazi akauliza.

"Mwekundu?"

"Mweusi. Hasi kwanza, siku zote. Sasa uniambie kwa nini."

Msichana hakujua, na si ajabu. Hata baadhi ya watu wanaofungua betri kila wiki hufuata mazoea tu. Tazama waya mweusi unakoelekea. Unatoka ncha hasi na kufungwa kwenye bodi ya gari. Kwa hiyo boneti, injini, milango, kila chuma unachokiona ni sehemu ya upande wa hasi. Ukianza kufungua chanya, na spana yako ikateleza ikagusa chuma chochote kilicho karibu, umeunganisha chanya na hasi kwa spana. Cheche zitaruka, spana inaweza kuganda palepale kama imechomelewa. Ukiondoa hasi kwanza, bodi haina tena uhusiano na betri. Hapo spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya, hakuna kitakachotokea. Ndiyo sababu pia wakati wa kufunga mpangilio unageuka: chanya kwanza, hasi mwisho.

Nati ya hasi ilikuwa imeota unga mweupe wenye rangi ya kijani. Unga huo una asidi. Haufutwi kwa kidole. Shangazi alikoroga magadi kidogo kwenye kikombe cha maji, yale magadi ya kulainishia mboga, akapaka kwa mswaki mkuukuu. Unga ukachemka povu, chii, mpaka ukatulia. Magadi huua ukali wa asidi. Alikuwa mwangalifu maji hayo yasiingie ndani ya betri, maana yangeua asidi ya kazi pia. Akalegeza nati, akatikisa kishikio cha waya polepole kushoto na kulia mpaka kikatoka, akakisukuma mbali na kukikinga kwa kitambaa kisirudi. Halafu akafungua chanya. Hakutumia nyundo, wala hakuchokoa kwa bisibisi. Zile ncha ni za risasi, laini, na ukizigonga unapasua maungio ya ndani.

Betri ile ndogo ilikuwa na uzito wa karibu kilo 10. Waliiinua imesimama wima wakaiweka ndani ya beseni la plastiki.

Bodaboda akaitwa ampeleke shangazi na betri kuukuu kwenye duka la spea. Mwenye pikipiki, kijana mwenye haraka, akashauri hivi: "Mama, mwaga hayo maji hapo kwenye nyasi, iwe nyepesi." Na hapa, wanangu, nitasimamisha hadithi, kwa sababu hili nalijali kuliko spana zote.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ile ni risasi, na asidi iliyozeeka nayo ina risasi ndani yake. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hukaa kwenye damu na mifupa, na huharibu ubongo unaokua: kujifunza kunakuwa kugumu, kusikia kunapungua, na ikizidi huleta degedege na kifo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Nyasi zile zinaliwa na ng'ombe, na mvua ya Nyamira, ambayo haikosi, inaosha udongo kuelekea kwenye chemchemi.

Kenya tunajua hayo kwa uchungu. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kupata risasi yake. Moshi ulitanda juu ya nyumba za watu, maji machafu yalipita milangoni mwao. Mwaka 2009 mama kijana aitwaye Phyllis Omido alifanya kazi pale, na mtoto wake mchanga akaugua. Vipimo vikaonyesha risasi kwenye damu ya mtoto. Omido hakunyamaza. Aliwapeleka majirani kupimwa, akaandamana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaufuta uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Hesabuni miaka hiyo. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2009 alikuwa kijana wa umri wa sekondari siku majaji wa mwisho walipomaliza kusoma hukumu.

Shangazi hakumwambia bodaboda yote hayo. Alimwambia tu, "Hapana, baba. Haya hayamwagwi," wakaondoka wawili, yeye amekalia nyuma na beseni mapajani, betri imefungwa isilale upande.

Kwenye duka la spea, betri kuukuu ni pesa. Mwenye duka huipokea na kukupunguzia bei ya mpya, kwa kuwa risasi yake huyeyushwa na kutengenezwa betri nyingine. Hilo ni jambo jema likifanywa na kiwanda chenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, chenye vichujio vya moshi na wafanyakazi waliovalia vizuri. Ubaya ni wa wale wanaopasua betri kwa shoka nyuma ya nyumba na kuyeyusha risasi kwenye sufuria, watoto wakitazama. Mkiona hivyo mahali popote, kaeni mbali, mkaseme nyumbani.

Shangazi alikuwa na mambo ya kulinganisha kabla ya kulipa. Namba ya saizi iliyoandikwa juu, ili betri ikae sawasawa kwenye sinia lake. Upande iliko ncha chanya, maana kuna betri mbili za umbo moja ambazo ncha zake zimepishana, na ukichukua isiyo yako nyaya hazifiki, au mtu anazivuta kwa nguvu na kukosea. Betri ya kwanza mwenye duka aliyoishusha ilikuwa na vumbi. Shangazi akaitoa mita mkobani: 12.2. Ilikuwa mpya, lakini imekaa rafuni hadi nusu ya chaji yake imekwenda. Ukoko ulikuwa umeshaanza. Akairudisha. Ya pili ikasoma 12.6. Akachukua hiyo, pamoja na kadi ya garantii iliyogongwa muhuri na tarehe, na chuma kipya cha kushikilia.

Kurudi nyumbani kazi ilikwenda haraka. Msichana alikuwa amekwisha kusugua sinia kwa magadi na kulikausha. Betri ikakaa, chuma kikakazwa mpaka ukiisukuma kwa mkono haichezi. Sasa shangazi akampa msichana spana na glavu, akasimama nyuma yake.

"Unaanza na ipi?"

"Chanya. Halafu hasi mwisho."

Alipogusisha ile ya hasi, kicheche kidogo kiliruka. Msichana akashtuka akarudi nyuma. Hiyo ni kawaida: vitu kama saa na redio vinaamka na kuvuta umeme wao wa kwanza. Akakaza, si kwa nguvu za kuvunja, kiasi cha kutozunguka kwa mkono. Utawaona watu wakichomeka msumari au kipande cha waya pembeni ya ncha ili kishikio kibane. Kishikio kikiwa kimelegea, dawa yake ni kukibadilisha. Mwisho wakapaka grisi nyembamba juu ya ncha zote mbili kuzuia unga usiote tena, na shangazi akaandika tarehe juu ya betri kwa kalamu isiyofutika.

"Nenda unawe mikono kwa sabuni kabla hujagusa ndizi hata moja," akamwambia. "Na glavu pia zioshe."

Msichana aliporudi, shangazi akazungusha ufunguo. Injini ikashika mara moja. Saa ya dashibodi ilikuwa imerudi mwanzo na stesheni zote za redio zimepotea, lakini hiyo si hasara. Mzee jirani akapiga makofi kutoka barabarani.

Msichana akadhani wamemaliza, akaanza kushusha boneti. "Bado," shangazi akasema. "Shika mita. Pima injini ikinguruma."

14.2.

"Kwa nini imepita 12.6?"

Kwa sababu sasa inayopimwa ni altaneta. Ili umeme uingie ndani ya betri lazima anayesukuma awe na volti nyingi kuliko betri yenyewe, kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Shangazi akawasha taa kubwa na feni. Mita ikashuka kidogo, 13.9, ikasimama hapo. Altaneta ilikuwa nzima. Kama ingesoma 12.5, kisha 12.4, kisha 12.3, ingekuwa habari nyingine: betri mpya ingekuwa inaliendesha gari peke yake bila kurudishiwa kitu, ingeishiwa njiani kabla ya mchana, na pesa zote za dukani zingekuwa zimetibu nusu tu ya ugonjwa. Mtu anaweza kununua betri mbili kwa mwaka kwa kukosa kipimo hicho cha dakika moja.

"Sasa funga," shangazi akasema, na msichana akashusha boneti.